Somo la 7: Neno Mlangoni pa Jirani

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Wakolosai 4:2–6, Ufunuo 3:14–22, Luka 10:1–9, 2 Wafalme 4:8–37, Waamuzi 12:1–6, Mathayo 26:69–75, 2 Samweli 12:1–14, Mathayo 18:15–17.

Fungu la Kukariri: Wakolosai 4:6. Lifungueni katika Biblia zenu, mlisome pamoja kwa sauti, na kila mmoja alikariri kabla ya Sabato ijayo.

Paulo alikuwa kifungoni alipowaandikia Wakolosai. Miguu yake haikuwa huru kwenda popote; kilichobaki ni maneno. Anaomba aombewe ili Mungu afungue mlango kwa ajili ya neno. Kisha anawageukia waumini wa Kolosai, kundi dogo lililoishi katikati ya watu wasioamini kama wao, na kuwaambia jinsi ya kusema na majirani hao. Usemi wao uwe na neema, uwe umekolea kama chakula chenye chumvi. Kwa kusudi gani? Tungetazamia aseme: ili wawashinde kwa hoja. Hasemi hivyo. Anasema ni ili wajue jinsi ya kumjibu kila mtu. Na anayejibu lazima awe amesikia kwanza.

Juma hili tutaliangalia jambo hili kwa kumfuata ndugu mmoja wa kufikirika. Ni mwalimu, Mwadventista wa Sabato, amehamishiwa kazi Mgogoni, kisiwani Pemba, kutoka Bara. Majirani zake wote ni Waislamu. Waumini wenzake ni wachache, na hukutana sebuleni. Amekuja na Biblia yake, mwongozo wake wa kujifunza, na Kiswahili anachodhani anakijua. Tumwite Mwalimu tu, kwa kuwa ndivyo kijiji kitakavyomwita.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Anayesimama Nje

Soma Ufunuo 3:20. Nani yuko nje? Nani yuko ndani? Uamuzi wa kufungua ni wa nani?

Mgogoni, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Pemba na pwani yote, mtu haingii tu nyumbani kwa mwenziwe. Husimama kando ya mlango, si mbele yake, macho yake yasije yakaingia kabla yake. Huita, "Hodi!" Hungoja. Akikosa jibu huita tena, na mara ya tatu. Kimya kikiendelea, huondoka, wala hanung'uniki. Huenda mwenye nyumba anasali. Huenda mama ananyonyesha, au yuko peke yake na haimpasi kumpokea mwanamume asiye wa nyumba ile. Kimya chake nacho ni jibu. Akiulizwa, "Nani?", mgeni mwenye adabu hasemi "Mimi" akaishia hapo, maana kila mtu duniani ni "mimi". Hutaja jina lake.

Majirani zetu Waislamu hufundishwa adabu hii tangu utotoni, nayo ina mizizi katika dini yao: Kurani, sura ya 24, aya ya 27, inawakataza kuingia nyumba zisizo zao bila kuomba ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Hodi ya pwani, basi, si desturi ya urafiki tu. Ni namna ya kukiri kwamba nyumba hii ina mwenyewe.

Wengi wetu tuliokulia Bara hubisha hodi huku mguu mmoja umeshavuka kizingiti. Mwalimu naye alifanya hivyo siku yake ya pili Mgogoni. Alikwenda kuazima jembe, akaita "Hodi!" na kuingia kwa pumzi ileile. Hakuna aliyemgombeza. Jembe alipewa. Lakini kuanzia siku ile mke wa jirani alipomwona anakuja alirudishia mlango, na Mwalimu alikaa wiki kadhaa akidhani anachukiwa kwa sababu ya dini yake.

Sasa rudi kwenye Ufunuo. Barua kwa Laodikia ni kali kuliko zote saba. Yesu ana kila haki ya kuingia: nyumba ni yake, na waliomo wanaangamia bila kujua. Hata hivyo, Biblia yetu ya Kiswahili inasema kwamba anabisha. Amesimama nje, na sauti yake inasikika, na anangoja mtu wa ndani afungue. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa picha hii. Wanaiona kila siku.

Kanisa letu limezoea kuisoma barua hii kama ujumbe kwetu sisi wenyewe. Tukiisoma hivyo, tujiulize pia jambo jingine: ikiwa Bwana anabisha hodi na kungoja, mjumbe wake amepata wapi ruhusa ya kusukuma mlango?

Ni lini mara ya mwisho ulipomwambia mtu habari za imani yako kabla hajasema "karibu"? Ulijuaje kwamba hajasema?

JUMATATU
Amani Kwanza

Soma Luka 10:1–9. Linganisha fungu la 4 na fungu la 5. Yesu anakataza nini, na anaagiza nini?

Fungu la 4 huwasumbua wasomaji wa kwetu. Yesu anawatuma wale sabini, na miongoni mwa maagizo yake yumo hili: wasimwamkie mtu njiani. Katika nchi ambayo kupita mtu bila salamu ni tusi, agizo hili linaonekana kama ukosefu wa adabu. Lakini linatuambia kitu kuhusu salamu za nchi ya Yesu: zilikuwa ndefu. Salamu ya Mashariki haikuwa neno moja. Ilikuwa kusimama, kuulizana habari za wazee, watoto, mifugo na mashamba. Mtu mwenye haraka ya kweli hakuweza kuianza akaikatisha. Elisha alimpa Gehazi agizo hilohilo katika 2 Wafalme 4:29, na kesho tutaona jinsi lilivyokwenda.

Basi agizo lile ni la njiani na ni la dharura. Wakifika nyumbani mwa watu, mambo yanageuka kabisa. Neno la kwanza, kabla ya lingine lolote, ni amani kwa nyumba ile. Kisha wakae, wale wanachopewa, wawaponye wagonjwa, ndipo watangaze kwamba ufalme wa Mungu umekaribia. Hesabu ni hatua ngapi zinatangulia tangazo.

Mgogoni salamu zina ngazi zake. Mtoto humwambia mzee "Shikamoo", na mzee hujibu "Marahaba". Wengi huelezea neno hili kuwa ni ufupisho wa "nashika miguu yako", nasi tutalihitaji elezo hilo kesho. Asubuhi utasikia "Sabalkheri", jioni "Masalkheri". Na kati ya watu wa kila rika, barazani, dukani, kwenye majamvi ya karafuu zilizoanikwa, utasikia "Asalamu alaykum", nayo hurudishwa kwa "Waalaykumu salamu".

Hapa Mwalimu alikwama. Aliposalimiwa hivyo mara ya kwanza alinyamaza, akatikisa kichwa tu. Aliogopa kwamba akijibu atakuwa ameingia dini nyingine. Waumini wengi waliohamia visiwani wamepitia hofu hiyo, na hatuidharau, kwa kuwa inatoka katika dhamiri. Lakini tupime. Maneno yale yanamtakia mtu amani. Neno salamu la Kiarabu na neno shalomu la Kiebrania ni ndugu wa mzizi mmoja, na ni amani hiyohiyo ambayo Yesu mfufuka aliwatakia wanafunzi waliokuwa wamejifungia ndani kwa hofu (Yohana 20:19). Kumrudishia amani anayekutakia amani si kukana imani. Mathayo 5:47 huenda mbali zaidi: ukiwaamkia ndugu zako peke yao, umefanya nini cha ziada?

Kitu kimoja tukikatae waziwazi. Kuna wanaotumia salamu za Kiislamu kama vazi la kujificha, ili majirani wadhani ni Waislamu, mpaka siku watakapopata nafasi ya kuwafundisha. Huo ni uongo, hata kama kila neno lililotamkwa ni zuri. Mgogoni kila mtu ajue kwamba Mwalimu ni Mkristo anayeitunza Sabato, na kila mtu ajue pia kwamba ukimtakia amani, atakujibu.

JUMANNE
"Njema"

Soma 2 Wafalme 4:18–31. Mwanamke Mshunami alimjibu nini Gehazi? Kwa nini?

Mtoto wake amefia mapajani pake adhuhuri. Amemlaza juu ya kitanda cha nabii, amefunga mlango, ametandika punda na kusafiri mpaka Karmeli. Elisha anamwona kwa mbali, anamtuma Gehazi akimbie akamlaki na kumwuliza habari: yeye mwenyewe, mumewe, mtoto. Naye anajibu kwamba wote hawajambo.

Je, alisema uongo? Mtu wa pwani hatamhukumu haraka. Kwetu "habari" hujibiwa "njema" kwanza, hata nyumbani kukiwa na msiba. Hilo ni jibu la adabu, tena kwa wengine ni jibu la imani. Baada ya "njema" ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, ndipo neno "ila" au "lakini" huja: njema, ila mtoto ana homa, njema, lakini bibi hajaamka vizuri. Habari yenyewe hukaa nyuma ya salamu, kama mtu anayekaa chumba cha ndani. Anayeondoka baada ya "njema" ya kwanza ameishia barazani.

Gehazi aliishia barazani. Aliuliza maswali yote matatu kama alivyoagizwa, akapokea jibu, kazi yake ikaisha. Lakini mwanamke alipita, akafika kwa Elisha, akamshika miguu. Gehazi akasogea amwondoe, kwani ameshasema hawajambo! Elisha akamzuia. Aliiona nafsi yake ina uchungu, ingawa Bwana hakuwa amemwambia sababu. Hakuwa na ufunuo wowote wakati ule. Alikuwa na macho tu, na alikuwa amesimama.

Inafaa kukumbuka elezo la jana kuhusu "Shikamoo". Sisi tunalisema neno lile mara ishirini kwa siku bila kumshika mtu yeyote miguu. Mwanamke huyu aliishika miguu, na hapo ndipo maneno ya kweli yalipoanza kutoka.

Fikiria sasa alfajiri moja Mgogoni. Mwalimu yuko kwenye pikipiki, amechelewa skuli. Anakutana na jirani yake, baba wa watoto wanne, akitembea upesi na tochi mkononi ingawa kumeshapambazuka. "Habari za asubuhi, bwana?" "Njema, Mwalimu." "Za nyumbani?" "Njema, alhamdulillahi." Mwalimu anaongeza mafuta, anakwenda. Alasiri anarudi, anakuta wanaume wanashuka kutoka makaburini. Mtoto mdogo wa jirani alifariki usiku. Baba alikuwa njiani kuwaita ndugu zake.

Alisalimia vizuri. Alitumia maneno yote yanayotakiwa. Hakuzima pikipiki.

Angefanya nini sasa? Baadhi yetu tungejifungia kwa aibu; wengine tungekwenda na maelezo marefu: sikujua, hukuniambia, ningejua ningekuja. Maelezo hayo yanamfanya aliyefiwa amfariji mgeni. Pwani kuna neno la siku hiyo. Mtu huingia, husema "Makiwa", na wafiwa hujibu "Tunayo". Halafu huketi mkekani pamoja na wenzake. Hatakiwi kusema zaidi. Marafiki wa Ayubu walifanya vema kwa siku saba walipokaa chini pamoja naye bila kusema neno (Ayubu 2:13). Makosa yao yalianza walipofungua vinywa. Mwalimu na aende, aseme makiwa, akae. Asitafute siku hiyo nafasi ya kueleza hali ya wafu.

Ni nani katika kundi lenu ambaye amekuwa akijibu "njema" kila Sabato, nanyi mkaamini?

JUMATANO
Shibolethi

Soma Waamuzi 12:1–6 na Mathayo 26:73. Matamshi ya mtu yalitumikaje katika visa hivi viwili?

Waefraimu na Wagileadi walikuwa ndugu, wana wa Israeli wote, lugha yao moja. Tofauti ilikuwa katika sauti moja ya neno moja. Waliposhindwa vitani, Waefraimu walitaka kuvuka Yordani warudi kwao, nao Wagileadi waliwasimamisha vivukoni na kuwaambia waseme "Shibolethi". Aliyesema "Sibolethi" aliuawa. Biblia inataja watu 42,000 walioanguka wakati ule. Usisahau fungu la 4: kabla ya mauaji kulikuwa na matusi. Waefraimu walikuwa wamewaita Wagileadi watoro. Kwanza ulimi ulidharau, baadaye ulimi ukatumika kuchagua wa kuuawa.

Sisi hatuui mtu kwa matamshi, lakini tunacheka. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kukisanifisha kwa ajili ya vitabu na skuli. Kazi hiyo ilitufaa sana. Hata somo hili unalisoma kwa sababu yake. Lakini ilileta pia mazoea mabaya: Kipemba, ambacho ni Kiswahili cha watu waliokizungumza tangu kale, kikaanza kuchekwa na watu waliojifunza Kiswahili darasani. Mpemba akisema "kuvyaa" badala ya "kuzaa", mgeni kutoka Bara humsahihisha. Humsahihisha mtu katika lugha ya mama yake! Kisiwa hiki katika karne ya 19 kilikuwa na Kamange na Sarahani, washairi walioshindana na kujibizana kwa tungo, na wataalamu wa Kiswahili wanawasoma mpaka leo.

Mwalimu alijifunza unyenyekevu sokoni. Aliomba nyanya, akapewa tungule; aliomba viazi, akaulizwa kama anataka mbatata. Mwanzoni alirudia maneno yake kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba muuzaji ni kiziwi. Baada ya mwezi alisema tungule kama wengine. Hakuwa amejifanya Mpemba, na lafudhi yake ya Bara ilibaki palepale. Alikuwa tu amekubali kufundishwa na muuza mboga.

Petro naye, usiku ule uani kwa kuhani mkuu, alitambulikana kwa usemi wake wa Galilaya. Alijaribu kuuficha utambulisho wake kwa viapo. Siku hamsini na chache baadaye Wagalilaya haohao walisimama Yerusalemu, na watu wa mataifa mengi wakasikia kila mmoja kwa lugha aliyozaliwa nayo (Matendo 2:7, 8). Zingatia upande muujiza ulioelekea. Roho hakuwafanya wasikilizaji wote waelewe Kigalilaya.

ALHAMISI
Kanga na Nabii

Soma Mathayo 18:15 pamoja na Mambo ya Walawi 19:16, 17. Kwa nini hatua ya kwanza ni ya watu wawili peke yao?

Mpaka hapa tumezungumzia majirani. Sasa tuingie ndani, maana kundi dogo la waumini lina shida yake: watu ni wachache na hawana pa kukwepana.

Wote tunaijua kanga. Imevaliwa pwani hii tangu karne ya 19, na ina pindo, mji, na jina, yaani maneno yaliyochapishwa chini. Jina la kanga ni usemi. Kanga hutolewa zawadi kwa mama aliyejifungua, kwa bibi harusi, kwa mke aliyekosewa anayestahili kuombwa radhi, na maneno yake husema kile ambacho mtoaji anaona haya kukitamka. Hilo ni jema, na ni utajiri. Lakini kanga hutumika pia kupiga. Mwanamke aliyeudhiwa hutafuta dukani jina linalomfaa adui yake, hujifunga, hupita mbele ya mlango wake mara mbili. Akiulizwa, ana jibu tayari: nimevaa nguo tu, mimi siyo niliyeiandika.

Ustadi wa kanga ni huo hasa: neno limesemwa na hakuna aliyelisema. Aliyelengwa ameumia, na hawezi kujibu, kwa kuwa akijibu amekiri kwamba linamhusu. Wanaume wasicheke, tuna zetu. Kuna ombi la kufunga ibada ambalo kila mtu anajua linamwombea nani "aache kiburi". Kuna hubiri lenye mfano wa "ndugu mmoja, simtaji". Na siku hizi kuna stetasi ya WhatsApp, kanga ambayo kijiji chote hukisoma kabla ya chai.

Tuseme katika kundi la Mgogoni kuna dada wawili. Mmoja aliazima pesa za mwenziwe, ahadi ikapita miezi miwili. Mdai hajasema neno. Amevaa kanga, ameweka stetasi, ameomba ombi la jumla kuhusu uaminifu. Mdaiwa naye amejibu kwa kanga yake. Kila Sabato wanaketi mkeka mmoja wakisoma somo kuhusu upendo, na Mwalimu anayeongoza anajua, na wote wanajua. Hakuna lililowahi kusemwa.

Je, fumbo lenyewe ni dhambi? Hapana. Soma 2 Samweli 12:1–7. Nathani alimwendea mfalme mwenye hatia ya zinaa na mauaji, akaanza na hadithi ya mwana-kondoo wa maskini. Angeanza na mashtaka, huenda Daudi angeufunga moyo wake. Fumbo lilimfikisha mfalme mahali pa kuhukumu kwa haki bila kujitetea. Lakini tazama mambo matatu katika sentensi moja: Nathani alikwenda mwenyewe, alisema mbele ya uso wa Daudi, na fumbo lilipofanya kazi yake alilifungua, akamwambia ni wewe. Hapo Daudi aliweza kujibu, na jibu lake, katika fungu la 13, lilikuwa toba. Kanga ya kupiga haifunguliwi kamwe. Humwacha mwenzako na hatia isiyo na mlango wa kutokea.

Yesu anasema nenda, wewe na yeye tu. Kwa hiyo dada mdai afanye kitu ambacho kwa desturi zetu ni kigumu kuliko kuvaa kanga ishirini: ajifunge kanga ya kawaida, aende, asimame kando ya mlango, aite hodi. Amsalimu. Aulize habari za nyumbani, na angoje mpaka "njema" zote zimekwisha. Huenda atasikia habari ambayo hakuijua kuhusu zile pesa. Huenda hatasikia chochote ila visingizio. Kisha amwambie kwa kinywa chake.

Kuna neno gani ambalo umelivaa, umeliweka kwenye simu, au umeliomba hadharani, badala ya kulisema kwa mhusika?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Katika kitabu Huduma ya Uponyaji, Ellen White anaeleza njia ya Kristo ya kuwafikia watu: alichangamana nao akiwatakia mema, aliwahurumia, aliwahudumia mahitaji yao, akapata imani yao, ndipo akawaita wamfuate. Angalia mahali mwito ulipowekwa katika mpangilio huo. Soma pia Yohana 4:1–42. Yesu alianza mazungumzo na mwanamke Msamaria kwa kumwomba maji, yaani kwa kujiweka katika hali ya mhitaji kwake. Hesabu ni mara ngapi mwanamke yule anasema katika sura hiyo, na kama Yesu anamkatiza popote.

Katika kundi, viongozi wawape nafasi kwanza wale ambao husema kidogo. Ikiwa miongoni mwenu kuna watu waliokoseana, msiyatumie maswali haya kuwasema kwa mzunguko.

Maswali ya Kujadili:

1. Muumini mmoja anasema, "Wakati umekwisha, Yesu yu karibu; tukikaa kusalimiana na kunywa kahawa barazani, lini tutahubiri?" Mwingine anasema, "Mimi nimesalimiana na jirani zangu miaka kumi, na hawajanisikia nikitaja jina la Yesu hata mara moja." Mkitumia Luka 10:1–9 na Wakolosai 4:5, 6, mngemwambia nini kila mmoja?

2. Mwalimu amekaa mkekani kwenye msiba wa jirani. Siku ya tatu baba wa mtoto anamwuliza, "Ninyi mnaamini nini kuhusu mtoto wangu, yuko wapi sasa?" Sasa ameulizwa. Ajibu nini, na kwa maneno mangapi?

3. Orodhesheni maneno ya Kiadventista tunayoyatumia bila kufikiri: ujumbe wa malaika wa tatu, Roho ya Unabii, watu wa nje, ukweli wa leo. Jirani wa Mgogoni akiyasikia kupitia dirishani ataelewa nini? Lipi lingemwumiza?

4. Mtoto wa Mpemba amejiunga na Shule ya Sabato ya watoto pamoja na watoto wa watumishi kutoka Bara, nao wanamcheka anavyosema. Mwalimu wa darasa afanye nini Sabato hiyohiyo, kabla ya wimbo wa kufunga?

5. Yule dada alikwenda, akabisha hodi mara tatu, na hakujibiwa, ingawa alisikia redio ndani. Mathayo 18:16 inasema nini kifuate? Lakini kabla ya hapo, je, arudi kesho?